Mashavu ya Mfalme

Shemeji yangu alichukua kazi ya kushona sare za shule nzima akiwa na cherehani moja. Aliichukua kwa sababu nilimwambia kwamba sarafu ya marehemu kaka itanunua cherehani ya pili. Haikununua.

Mimi ni fundi saa. Nina meza kwenye kona ya duka la vifaa vya umeme: kioo mbele, droo tatu za vipuri, taa yenye shingo ndefu. Saa za kutengeneza siku hizi ni chache, kila mtu anatazama saa kwenye simu. Kinachonilisha nusu ya mwezi ni sarafu za zamani. Shule niliacha darasa la sita, sarafu nilijifunza kwa kuzishika. Wenye nazo wananitumia picha, na mimi nawaambia ziko daraja gani.

Daraja zinaanza moja na kuishia sabini. Moja ni kipande cha chuma ambacho lazima uambiwe kwamba ni sarafu. Sabini imetoka mtamboni hivi punde na hakuna aliyeipumulia. Kuanzia sitini kwenda juu ni sarafu ambayo haijawahi kununua kitu. Sarafu ile ile, ikiwa ishirini utapewa bei ya madini yake. Ikiwa sitini na kitu, watu wazima watasukumana.

Ni kazi ya kuchosha kuliko saa. Mtu anaiweka sarafu juu ya shuka la maua, anafunika nusu kwa kidole gumba, anapiga picha huku mkono unatetemeka, halafu anaandika: "Mkubwa, hii si inajenga nyumba?" Mwingine anaipiga ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mwingine anaisugua kwanza kwa dawa ya meno mpaka ing'ae kama kijiko, na hapo ameshaiua, maana ngozi ya sarafu ikitoka hairudi. Wote hao nawajibu kwa maneno yale yale, nimeyahifadhi kwenye simu ili nisichoke kuyaandika: haya ni makadirio, picha si sarafu, usiuze mbuzi kwa neno langu.

Shemeji ni mke wa kaka yangu mkubwa. Kaka alifariki, akamwachia binti mmoja ambaye sasa ni mtu mzima, cherehani ya miguu ya chuma, na sarafu ya fedha aliyopewa na baba yetu siku alipopata kazi ya kwanza. Sarafu yenyewe niliiona nikiwa mdogo, mara moja, kiganjani mwa baba. Nakumbuka kwamba ilikuwa nzito na kwamba sikuruhusiwa kuishika.

Mimi na shemeji ni watu wa utani tangu siku ya kwanza alipoingia kwetu. Yeye ananiita Jicho Moja, kwa sababu ya lenzi ninayobana jichoni nikifanya kazi. Mimi namwita Bibi Uzi.

"Jicho Moja," alinipigia asubuhi moja, "umeamka, au jicho limeamka peke yake?"

"Limeamka. Lingine linakuota wewe."

"Liambie lioge kwanza. Sikia, shem. Nimepata shule."

"Unarudi darasani na uzee huo?"

"Sare, mjinga wewe! Mwalimu mkuu kila mwaka ananipa madarasa mawili. Mwaka huu anataka kunipa shule nzima, ili zisitofautiane rangi na mishono. Vitambaa analeta mwenyewe. Sharti lake moja tu, shule ikifunguliwa, kila mtoto awe amevaa."

"Na cherehani moja?"

"Ndiyo nakupigia. Kuna moja dukani, nimeshaionea wivu. Nikiipata, binti anakaa hii, mimi nakaa ile, tunamaliza tukiwa tunaimba. Ile sarafu ya kaka yako, iangalie. Kama ni kitu, niuze. Kama si kitu, niambie sasa hivi nimkatalie mwalimu, niendelee na wateja wangu."

Nilimuuliza swali ninalouliza kila mtu: miaka yote hiyo sarafu ilikuwa wapi?

"Mahali salama. Kaka yako aliiweka kwa mkono wake, na tangu hapo hakuna mkono wa mtu ulioigusa."

Jibu kama hilo ndilo ninalolisubiri kwa kila mteja na silipati. Nikamwambia binti aipige karibu na dirisha, asitumie taa, aiweke juu ya kitambaa cheusi, pande zote mbili.

Picha zikaja. Hakuna mtu aliyewahi kunitumia picha nzuri kama zile. Upande wa nyuma, wenye ngao, kila mstari ulikuwa umesimama wima, na ile nuru laini ya fedha isiyoshikwa ilikuwa inazunguka ukingoni. Upande wa mbele kuna mfalme mwenye ndevu. Nikaikuza picha mpaka ndevu zikajaa simu. Nywele moja moja. Jicho limechongeka. Na shavu, sehemu ya juu kabisa ya sarafu, inayotangulia kusagika hata ikikaa mfukoni wiki moja, lilikuwa laini kama la mtoto aliyetoka kunyonya. Hakuna alama hata moja.

Mke wangu alinikuta natabasamu na simu.

"Nani huyo?"

"Mfalme."

"Mwambie alete unga."

Nilitakiwa kupanda basi nikaione kwa macho yangu. Ni safari ya nusu siku, magoti yangu hayapendi viti vya basi, na kulikuwa na saa ya ukutani mezani ambayo mwenyewe alikuwa anaipitia kila jioni kuniuliza. Niliangalia zile picha tena wakati wa chakula, nikaziangalia na kesho yake. Nikaandika: "Sitini na mbili. Shem, chukua kazi." Yale maneno ya mbuzi sikuyatuma. Ni ya wateja, na huyu ni mtu wa nyumbani.

Akanijibu kwa sauti, na nyuma yake binti anapiga vigelegele.

Mnunuzi nilimpata bila shida. Ni mzee mnene aliyestaafu forodhani, na ndiyo maana sisi wa sarafu tunamwita Forodha. Ana miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na huwa anaitafuta ile ya kichwani. Si tapeli. Akisema atalipa analipa. Alitazama picha, akasema, "Kama iko hivi, mama atapata cherehani na meza yake na kiti." Akaomba siku chache amalize mambo yake, kisha tukapanda basi pamoja, na njia nzima alinieleza habari za kisukari chake.

Tulipofika, mwalimu mkuu alikuwa ameshaleta vitambaa. Mafungu yalianzia sakafuni yakafika usawa wa dirisha, buluu huku, nyeupe huku, na katikati kumebaki njia ya mtu mmoja. Shemeji alikuwa ameshawaambia wateja wake wa kawaida watafute fundi mwingine mpaka shule zifunguliwe. Mwenye duka alikuwa amemwekea kando ile cherehani ya pili. Na ile ya zamani ilikuwa dirishani, pale pale pa siku zote, ila meza yake ilikuwa inacheza. Mguu mmoja ulikuwa umewekewa kipande cha boksi kilichokunjwa mara nne.

"Karibuni, karibuni. Jicho Moja, umenenepa au ni basi limekuvimbisha?"

"Ni kisukari cha huyu mzee. Nimekisikia mpaka nimekipata."

Forodha alicheka, akapewa kiti, akapewa maji. Binti akaleta sarafu ikiwa juu ya sahani ndogo, imelazwa kwenye pamba kama jino.

Mzee aliishika kwa ukingo, inavyotakiwa, akaigeuza kwanza upande wa ngao. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaigeuza upande wa mfalme na kuilaza kidogo kuelekea dirishani, ili nuru ipite juu yake polepole.

Nuru ya sarafu nzima hupita kama maji. Hii ilifika shavuni ikavunjika.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake na nikaona kabla hajasema. Kulikuwa na mikwaruzo ya duara, mmoja ndani ya mwingine, kuanzia puani mpaka sikioni, kama mtu aliyechora kwa msumari akiwa na wakati wa kutosha. Nywele nzima, ndevu nzima, na katikati uso umechimbwa.

"Fundi," Forodha akaniita kwa upole, "njoo umwone mtu wako."

Nikabana lenzi jichoni. Sikuhitaji lenzi.

"Sitini na mbili, ulisema."

"Kwenye picha."

"Basi ningekuja kununua picha." Akaishusha sarafu kwenye pamba. "Hii haina namba, na unajua. Ikiwa hivi haipewi namba kabisa."

Shemeji alikuwa anatuangalia mmoja baada ya mwingine. "Kuna nini?"

"Mama," Forodha alimuuliza, "sarafu hii ilikuwa inakaa wapi?"

Akanyoosha mkono, na kwa kweli alinyoosha kwa majivuno. "Pale. Mguu wa cherehani ni mfupi tangu tulipoinunua. Baba yake binti aliiweka sarafu chini ya mguu. Alisema mwizi atavunja kabati, atainua godoro, lakini bado hajazaliwa mwizi wa kuinua cherehani ya chuma. Chini yake akaibandikia raba ya kiatu isiteleze. Nimeibandua juzi tu nilipoitoa."

Raba ililinda ngao. Mguu wa chuma ulikaa juu ya uso wa mfalme, na kila siku alipokanyaga cherehani, mguu ulizunguka kidogo, kushoto na kulia. Tangu kaka alipoiweka pale, ni suruali ngapi, ni magauni mangapi, ni mapazia mangapi.

"Hakuna mkono ulioigusa," nikasema.

"Si ndivyo nilivyokwambia?"

Ndivyo alivyoniambia. Hakunidanganya hata neno moja.

Forodha akamtajia bei ya madini yake. Shemeji akauliza kama inatosha cherehani. Mzee akasita, akaitafuta miwani ya kichwani. "Inatosha mafuta ya cherehani," akasema. "Na sindano kidogo."

"Basi iache."

Mzee alimaliza maji yake, akaagana vizuri na kila mtu, akatoka kuwahi basi la kurudi. Mimi sikutoka.

"Picha," nikamwambia binti. "Nani alizipiga?"

"Mimi, baba mdogo. Dirishani, kitambaa cheusi. Kama ulivyosema."

"Hukuona hii mikwaruzo?"

"Niliiona." Alishangaa swali lenyewe. "Nikajua ni uzee. Kitu cha zamani si lazima kiwe na mikunjo? Mbona hata wewe unayo."

"Kwenye picha haikuwepo!"

Akachukua simu yake, akaiinamisha juu ya sahani. Nikasogea. Mfalme alitokea kwenye kioo akiwa na mikwaruzo yake yote. Kisha kimraba cha njano kikatokea kikamzunguka uso, kikatulia, na mikwaruzo ikaanza kufutika mbele ya macho yangu. Shavu likanyooka. Ndevu zikakolea. Jicho likang'aa.

"Ooh," binti akasema taratibu. "Inatakatisha. Ikiona sura ya mtu inaitakatisha yenyewe. Mimi siigusi, imekuja hivyo tangu dukani. Haikujua kwamba ni sarafu."

Mama yake alicheka, mara moja, kicheko kifupi. Halafu akageuka akatazama yale mafungu ya buluu.

"Nimkatalie mwalimu?" akauliza.

Vitambaa vilishafika, na wateja walishaondoka.

Nikarudi nyumbani kuchukua nguo. Mke wangu hakunilaumu, alinikunjia shati tu. "Wewe ndiye uliyemwambia achukue kazi," alisema. "Kachukue na wewe." Nikabandika karatasi mezani kwangu: fundi amesafiri.

Tulipanga kazi hivi. Binti anakata. Shemeji anashona. Mimi, kwa kuwa mikono yangu imezoea vitu vidogo, nafanya vifungo, matundu ya vifungo na kukunja pindo kwa mkono. Alfajiri tunaanza, jua likizama tunaacha, maana taa ya chumba kile haimtoshi mtu kutofautisha uzi wa buluu na mweusi. Mchana mgongo wa shemeji ukigoma, nakaa mimi kwenye cherehani kwa mishono ya kunyooka tu, ubavu wa sketi, ubavu wa sketi, ubavu wa sketi. Mwanzoni alikuwa ananitania. "Jicho Moja, hiyo ni sketi au barabara ya mlimani?" Baadaye akawa anafumua tu bila kusema.

Kuchoka kule si kama kwa mezani kwangu. Saa ikikushinda unaifunika na kitambaa, unakwenda kunywa kitu, unairudia. Fungu la buluu halifunikiki. Ukimaliza moja, lililo chini yake limefanana nalo.

Na cherehani ilikuwa inacheza. Boksi lilikuwa linalainika kila baada ya muda mfupi, tunakunja lingine. Tukaweka kipande cha ubao, kikateleza. Tukaweka kigae, kikapasuka. Meza ikiruka, sindano inagonga chuma na kukatika. Nilimwambia arudishe sarafu.

"Hapana," alisema. "Itapata mtu. Si lazima yule mzee. Kuna mtu asiyejali mikwaruzo."

Aliiweka kwenye kikombe juu ya kabati, ndani ya pamba yake. Nikamwacha. Ningemwambia nini? Kwamba najua mimi?

Ilikuwa karibu na adhuhuri, anashona kola, kitambaa ni kizito pale kinapokunjwa mara mbili, anakanyaga kwa nguvu. Meza ikaruka. Sindano ikapita kwenye kidole chake cha shahada cha kushoto, juu ya ukucha ikatokea chini, ikakatikia humo humo. Hakupiga kelele. Alisema "Aa," kama mtu aliyesahau kitu, akabaki ameketi, kidole kimebanwa chini ya kile kichuma kinachobana kitambaa, na kola nyeupe inabadilika rangi.

Nilizungusha gurudumu kwa mkono nikamtoa. Binti alimkimbiza zahanati. Nikabaki peke yangu chumbani. Nikapanda kiti, nikatoa sarafu kikombeni, nikakata kipande cha raba kwenye ndala yangu, nikainua cherehani kwa bega na kuiingiza chini ya mguu, ngao chini, mfalme juu. Nikasukuma meza kwa mkono. Haikutikisika hata kidogo.

Aliporudi na kidole kimefungwa kikubwa kama gunzi, aliona kikombe kimeinamishwa. Akasukuma meza kwa nyonga.

"Hapo ndipo pake," alisema.

Tangu siku ile binti ndiye aliyekaa kwenye cherehani, na shemeji akawa anakata kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ameuegemeza kitambaani kama kipande cha mbao. Binti ana kasi, lakini hana kasi ya mama yake.

Mwalimu mkuu alikuja siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Akahesabu, akahesabu tena. Zilitakiwa jozi mia tatu na kumi, zilikuwa mia mbili na nne. Hakugomba. Ningefurahi kama angegomba. Alisema pole kwa kidole, akazichukua zilizokwisha, akaita kijana wa mkokoteni apakie na vitambaa vilivyobaki, vikapelekwa kwa fundi wa sokoni mwenye cherehani nne. Alipokuwa anatoka alisema mwaka ujao itakuwa rahisi zaidi kazi yote ikae mahali pamoja. Hakusema ni wapi. Alikuwa anatazama mkokoteni.

Shemeji alinisindikiza kituoni. Nikamchokoza kidogo. "Bibi Uzi, nikiondoka utamfumulia nani mishono?"

"Safari njema, shemeji," akasema. "Asante kwa vifungo."

Shemeji, kwa kirefu chake. Nilikaa dirishani nikamwona akirudi, mkono wa kushoto ameukunja kifuani.

Picha bado zinakuja. Jana mtu alinitumia sarafu ikiwa juu ya goti lake. Nilimwambia ailete mkononi au asiilete. Akasema mimi nina maringo. Labda.

Gharama yake ilikuwa hii. Sindano tisa, na ya kumi ile ya kidoleni. Shule moja, pamoja na yale madarasa mawili aliyokuwa anapewa kila mwaka. Wateja wanne wa siku zote waliopata fundi mwingine na kumzoea. Kwangu mimi, saa tatu ambazo wenyewe walizifuata wakaondoka nazo zikiwa hazijatengenezwa, ile ya ukutani ikiwemo. Ndala moja. Na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto wa shemeji, ambacho kimepona kwa nje lakini hakihisi uzi. Zamani alikuwa anaongoza kitambaa kwa kugusa, huku anazungumza na watu. Sasa anakiangalia.